Gari Likizima Njiani: Pima Kwanza, Ndipo Ununue Spea

Bwana au Bibi Mkulima, je, jambo hili limewahi kukupata? Umeamka alfajiri, ng'ombe wamekamwa, mitungi ya maziwa imefungwa vizuri nyuma ya pikapu, nawe umeshika njia kwenda kituo cha kupokelea maziwa. Injini inaunguruma vizuri. Halafu, bila kukohoa na bila kutoa moshi, inazima ghafula kama taa iliyopulizwa. Unazungusha ufunguo. Stata inafanya kazi na injini inazunguka kwa nguvu, lakini haiwaki. Unafungua boneti, unatazama, huoni kilichokatika wala kinachovuja. Unakaa kando ya njia nusu saa ukingoja msaada. Unajaribu tena, na gari linawaka mara moja kana kwamba halikuwa na neno.

Wakulima wengi wamepata taabu hii, na wengi wamepoteza fedha kwa ajili yake. Si kwamba dawa yake ni ghali. Mara nyingi dawa ni spea ndogo inayoenea katika kiganja cha mkono. Fedha hupotea kwa sababu watu hubahatisha. Leo hubadili hiki, kesho hubadili kile, na ugonjwa hubaki pale pale ulipokuwa.

Tuchukue mfano wa mkulima mmoja wa Kinangop mwenye ng'ombe sita wa maziwa na pikapu moja ya petroli. Gari lake lilianza kuzima njiani mara moja kwa juma, kisha mara mbili. Fundi wa kwanza alisema kwamba pampu ya mafuta imechoka. Pampu mpya ikanunuliwa. Gari likaenda siku tatu, likazima. Fundi wa pili akalaumu plagi, nazo zikabadilishwa zote nne. Fundi wa tatu akasema ni betri. Mkulima akauza ndama apate fedha ya betri, na juma lile lile gari likazima tena kwenye jua la saa sita. Maziwa yaliganda mitunginini, na kituo kikakataa kuyapokea. Hasara ilikuwa ya namna mbili: spea ambazo hazikuhitajiwa, na maziwa yaliyomwagwa.

Tutarudi kwa mkulima huyu baadaye. Kwanza yafaa ujue kitu chenyewe kilichomsumbua.

KAZI YA SENSA YA KRENKI

Ndani ya injini mna chuma kizito ambacho mafundi hukiita krenki. Pistoni zikipanda na kushuka, krenki huzunguka, na nguvu ya mzunguko huo ndiyo inayopelekwa kwenye magurudumu. Ili petroli iwake barabara, cheche ya plagi sharti itoke wakati pistoni ipo mahali pake. Ikitoka mapema mno au ikichelewa, injini hukosa nguvu, au haiwaki kabisa.

Katika magari ya zamani cheche ziligawanywa na distributa, ambayo ilizungushwa na injini yenyewe. Katika magari ya siku hizi kazi ya kutoa amri ya cheche na ya petroli ni ya kompyuta ya gari. Lakini kompyuta haina macho. Itajuaje pistoni ziko wapi? Huambiwa na sensa ya krenki, ambayo katika vitabu vya Kiswahili huitwa kihisi.

Sensa hii huwekwa karibu sana na gurudumu la meno linalozunguka pamoja na krenki. Kila jino likipita mbele yake, sensa hupeleka alama ndogo ya umeme kwenye kompyuta. Katika injini ya Toyota aina ya 1NZ-FE, iliyomo katika magari mengi ya Probox tunayoyaona mashambani, gurudumu hilo lina nafasi 36 za meno, lakini meno yenyewe ni 34. Mawili yameachwa kwa makusudi. Pengo hilo ndilo linaloijulisha kompyuta kwamba mzunguko mpya umeanza. Magari mengi ya Ulaya yana nafasi 60 na meno 58, lakini maana yake ni ile ile.

Fikiri mtoto aliyesimama langoni pa boma jioni akihesabu ng'ombe wanaoingia. Akiwa macho, mwenye boma ajua hesabu yake. Akisinzia, hata ng'ombe wakiwa wote wazima, mwenye boma hajui lolote. Basi sensa ni mtoto huyo wa langoni, ila kazi yake ni ya haraka zaidi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ni mizunguko 50 kwa sekunde, na meno 1,700 hupita mbele ya sensa katika kila sekunde moja.

Sensa ikinyamaza, kompyuta nyingi huacha kutoa cheche na petroli papo hapo. Injini nyingine huweza kuendelea kwa shida kwa kufuata sensa ya pili, ile ya shafti ya vali, lakini nyingi huzima. Ndiyo sababu gari huzima ghafula bila kukohoa.

Usihangaike kuitafuta sensa hii katika kila injini. Trakta ya dizeli ya zamani kama Massey Ferguson 135, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka wa 1964, haina kompyuta, na pampu yake ya dizeli huendeshwa na injini yenyewe. Lakini pikapu na trakta za dizeli za siku hizi zenye kompyuta huwa nayo.

DALILI ZAKE

Tazama dalili hizi kwa uangalifu, tena uziandike katika daftari:

1. Injini inazunguka vizuri kwa stata, lakini haiwaki. Kama inazunguka kwa uvivu, au stata inalia tu tik-tik, anza na betri na vifungo vyake, si sensa.

2. Injini inazima ikiwa moto, na inawaka tena ikipoa.

3. Stata inapozungusha injini, mshale wa kipimo cha mizunguko hausogei hata kidogo. Katika magari mengi mshale huo hupata habari zake kutoka kwa sensa ya krenki, kwa hiyo ukilala kabisa, ni alama ya kushuku. Si hukumu bado.

4. Injini inakatakata au kushtuka wakati wa kupanda mlima, kisha inarudi sawa.

5. Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Lakini ujue kwamba ugonjwa ukija na kuondoka, taa yaweza isiwake.

Kumbuka kwamba pampu ya mafuta iliyochoka nayo huweza kuzima injini ikiwa moto. Waya wa arthi uliolegea, au rile mbovu, pia huweza kuleta taabu kama hiyo. Dalili hukuonyesha njia tu. Kipimo ndicho kinachotoa hukumu. Wewe mwenyewe huwezi kung'oa mahindi yako yote kwa sababu majani yamekuwa manjano. Manjano yaweza kuwa upungufu wa mbolea ya naitrojeni, au maji yaliyotuama, au ugonjwa. Mkulima mwerevu hupeleka udongo wake kwenye maabara, kama ile ya Kabete, kabla ya kununua magunia ya mbolea. Gari lako nalo linastahili heshima ile ile.

KABLA YA KUGUSA KITU

Simamisha gari mahali tambarare. Weka gia huru na ufunge breki ya mkono. Zima swichi na utoe ufunguo kabla ya kuchomoa soketi yoyote ya waya. Ngoja injini ipoe ikiwa sensa ipo karibu na bomba la moshi. Mtu mwingine anapopiga stata ili upime, mikono, nguo na kanda za shingoni ziwe mbali na feni na mikanda. Watoto wasimame kando.

Tena, usifungue betri kwa haraka. Ukiiondoa, hitilafu ambazo kompyuta imeziandika huweza kufutika, nawe utakuwa umepoteza ushahidi wako mwenyewe.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza: soma namba ya hitilafu. Gereji nyingi za miji midogo sasa zina mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Huchomekwa kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi. Namba P0335 maana yake kuna hitilafu katika njia ya umeme ya sensa ya krenki. Namba P0336 maana yake alama zinafika, lakini haziko sawa. Namba P0340 ni ya sensa ya shafti ya vali, nayo isichanganywe na hizi. Iandike namba kabla fundi hajaifuta.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wakiiona P0335, hukimbilia dukani. Namba hiyo haikusema, "Nunua sensa." Imesema kwamba kuna kasoro mahali fulani katika njia hiyo, na njia hiyo ina sensa, soketi, nyaya na kompyuta yenyewe.

Hatua ya pili: tazama kwa macho. Fuata waya wa sensa tangu mwanzo hata mahali unapoingia katika fungu la nyaya nyingine. Je, umegusana na bomba la moshi ukaungua? Je, umesuguliwa na chuma? Je, soketi ina matope, kutu au oili? Gari linalolala karibu na ghala la mahindi lina hatari nyingine, yaani panya. Panya hupenda joto la injini usiku, na hutafuna nyaya. Waya mmoja uliochubuka huweza kukusimamisha barabarani sawa na sensa iliyokufa, na dawa yake ni kuunga na kufunga vizuri tu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hatua ya tatu: hesabu nyaya za sensa. Sensa za krenki zilizo nyingi ni za namna mbili. Yenye nyaya mbili aghalabu ni ya sumaku na koili, nayo hujitengenezea umeme wake mdogo meno yanapopita. Yenye nyaya tatu aghalabu hupewa umeme na gari. Lakini usiamini hesabu peke yake, maana sensa nyingine za sumaku zina waya wa tatu wa kuzuia mvurugo wa umeme. Kitabu cha gari ndicho kitakachokata shauri.

Hatua ya nne: pima. Kwa kazi hii fundi atahitaji mita ndogo ya umeme, kifaa ambacho kila gereji hupaswa kuwa nacho.

Kama ni ya sumaku, zima swichi, chomoa soketi, weka mita kwenye omu, na uguse ncha mbili za sensa. Omu hupima jinsi waya unavyouzuia umeme kupita. Sensa nzima nyingi huonyesha omu mia kadhaa, au elfu moja na zaidi. Hesabu halisi ni ile ya kitabu cha gari lako. Mita ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, waya wa ndani umekatika. Ikionyesha sifuri au karibu nayo, nyaya za ndani zimegusana. Kisha gusa ncha moja ya sensa na chuma cha injini: hapo pasiwe na njia. Mwisho, geuza mita kwenye volti za mkondo geu, na mwenzako apige stata. Sensa nzima itatoa umeme mdogo, na umeme huo huongezeka injini ikizidi kasi. Ikikaa kimya kabisa, inashukiwa.

Kama ni ya kupewa umeme, usiipime kwa omu. Kipimo hicho hakitakuambia kweli, tena chaweza kuiharibu. Badala yake, chomoa soketi, fungua swichi, na upime upande wa nyaya zinazotoka kwenye gari. Waya mmoja uwe na umeme, ambao kwa desturi ni volti 5 au volti 12 kwa kadiri ya gari, na mwingine uwe arthi nzuri. Umeme ukikosekana hapo, sensa haina kosa. Hata ukinunua tatu mpya, gari halitawaka. Tafuta fyuzi, rile au waya uliokatika. Umeme ukiwapo, rudisha soketi na upime waya wa alama injini ikizungushwa polepole: volti zipande na kushuka kila jino linapopita.

Hatua ya tano: ifungue sensa uitazame. Ncha yake yenye sumaku huvuta unga wa chuma, na unga ukiwa mwingi alama huharibika. Ifute kwa kitambaa safi. Angalia kama imekwaruzwa na meno, maana nafasi kati yake na gurudumu ni ndogo sana, kwa kawaida kama unene wa milimita moja hivi. Mulika tochi uone kama kuna jino lililopinda au kuvunjika. Gurudumu likiwa bovu, sensa mpya haitasaidia neno.

UGONJWA UNAOJIFICHA

Sasa turudi kwa mkulima wetu wa Kinangop. Baada ya mafundi watatu, alipata kijana mmoja aliyekuwa na mita ya umeme na subira. Kijana huyo hakufungua boneti kwanza. Aliuliza maswali matatu. Gari huzima likiwa baridi au likiwa moto? Huchukua muda gani kabla ya kuwaka tena? Stata ikilia, mshale wa mizunguko husogea? Mkulima akajibu lile la kwanza na la pili, lakini la tatu hakulijua, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia atazame.

Kijana akapima sensa ikiwa baridi. Mita ikaonyesha hesabu nzuri kabisa. Fundi mwenye haraka angesema hapo, "Sensa ni nzima," kisha angetafuta kitu kingine cha kubadili. Kijana hakusema hivyo. Aliiandika hesabu ile katika daftari, akaketi kando ya dereva, wakaendesha gari mpaka likazima. Stata ikapigwa, na mshale ukalala kimya. Pale pale kando ya njia, swichi ikiwa imezimwa, akachomoa soketi na kupima mara ya pili. Safari hii mita haikuonyesha njia yoyote. Wakangoja. Chuma kilipopoa, hesabu ya asubuhi ikarudi.

Ugonjwa ukawa wazi. Ndani ya sensa mlikuwa na waya mwembamba uliokatika. Ukiwa baridi, ncha zake ziligusana. Joto lilipozidi, ziliachana. Pampu, plagi na betri hazikuwa na kosa lolote. Sensa moja ikabadilishwa, na maziwa yakaanza kufika kituoni kwa wakati.

Jifunze hapa, msomaji, kwamba kipimo kina wakati wake. Ugonjwa unaokuja na joto sharti upimwe penye joto. Huwezi kumpima mgonjwa wa homa siku homa imeondoka, kisha useme hajapata kuugua. Wala usimwage maji baridi juu ya injini ya moto ili kuiponya haraka, maana chuma cha moto huweza kupasuka, na soketi zikajaa maji.

UKINUNUA SENSA MPYA

Chukua ile ya zamani uende nayo dukani, pamoja na namba ya injini. Linganisha urefu, soketi, tundu la bolti na namba ya spea iliyoandikwa juu yake. Sensa mbili huweza kufanana kwa sura, lakini moja ikawa fupi kidogo, na ufupi huo mdogo tu watosha kuikosesha alama. Jihadhari na spea bandia. Katika Kenya uuzaji wa bidhaa bandia ni kosa kwa Sheria ya mwaka wa 2008. Dai risiti, na uitunze.

Unapoifunga, usiipige kwa nyundo wala usiiangushe, kwa maana sumaku na plastiki huvunjika upesi. Paka oili kidogo kwenye mpira wake wa kuziba. Kaza bolti kwa kiasi. Funga waya mbali na bomba la moshi na mikanda. Kisha futa namba ya hitilafu, endesha gari mpaka lipate moto barabara, na usome tena. Namba isiporudi, kazi imekwisha.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Andika dalili zake: saa, joto, mlima au tambarare.

Tazama mshale wa mizunguko stata inapolia.

Soma namba ya hitilafu, lakini usiifanye hukumu.

Kagua waya na soketi kabla ya kulaumu sensa.

Pima ikiwa baridi, na upime tena gari linapozima.

Usilipe fedha ya spea mpaka fundi akuonyeshe kipimo kwa macho yako.

Neno hili la mwisho ndilo kubwa. Si lazima uwe fundi. Lakini una haki ya kumwuliza fundi wako, "Umepimaje?" Fundi mwema hatakasirika, atafurahi na atakuonyesha. Asiyeweza kujibu anabahatisha, naye anabahatisha kwa fedha ya maziwa yako. Kuuliza si ujinga.